Jembe Lako Liko Nyuma ya Mlango

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nimeinuka kwenda kutazama kama maji ya maharage yamekauka. Hayawezi kukauka, maana maharage yenyewe sijayabandika. Ndivyo nilivyo tangu Jumamosi. Naingia chumbani nasahau nilichofuata, natoka nje naangalia barabara kana kwamba kuna mgeni anashuka kutoka kwetu Kabare, narudi, naketi, nainuka. Jirani yangu hapa Bagira ameniuliza kama nina malaria. Nimemwambia hapana, nina mama. Akarudi kwake, kwa sababu alikuja kwenye maziko yako.

Najua mambo ya kusoma hukuyapenda. Ukipata karatasi yoyote ulimpa Neema akusomee, halafu ulimgombeza kwa mwandiko mbaya, utadhani ni yeye aliyeandika. Safari hii jitahidi mwenyewe. Neema simwombi kitu. Mdogo wangu hasemi nami, na sababu ndiyo ninayotaka kukueleza, kama nitaweza kukaa kwenye kiti hiki mpaka mwisho.

Tulikuzika chini ya nyumba, karibu na mparachichi, kwenye udongo usio wetu. Nasema hivyo nikiwa na hasira, na wewe ungeniambia nipunguze sauti. Lakini ni kweli. Nyumba, migomba, maharage, na sasa wewe mwenyewe, vyote viko kwenye shamba la kahawa la Patroni, kama vilivyokuwa tangu enzi za mama yako. Bwasa, ndivyo wazee wanavyoiita: unapewa kipande cha kulima, unalipa kwa mikono yako. Zamani ilikuwa msimu mmoja na watu wawili wanaoheshimiana. Kwetu ikawa maisha yote. Filimbi ya kapita, msimamizi wa shamba, ikilia asubuhi kule chini, ulikuwa unaacha hata ugali kwenye moto. Na wale jirani zetu waliokataa kushuka, asubuhi yake walikuta migomba yao imelala chini yote, imekatwa, na hakuna aliyeuliza nani kakata.

Wewe hukuita hiyo kazi ya lazima. Ulikuwa na neno lako: "Udongo hawashukuru na mudomo, wanashukuru na mikono." Nimelisikia tangu nikiwa mgongoni mwako, na nimegombana nalo tangu nilipopata akili.

Unakumbuka siku nilipokuja na gile, kile kizibao cha kooperative, na tableti yangu? Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wametuma maswali yao. Hawataki tena kunywa kahawa iliyochumwa na mtu aliyelazimishwa, na mimi ndiye ninayezunguka milimani kuuliza. Zamu ya mlima wetu ilipofika nilimwomba mwenzangu aende badala yangu. Akaumwa tumbo, nikaja. Ukatandika kitenge kizuri juu ya benchi, ukaketi wima, mikono juu ya magoti, ukaniita "maman inspectrice" mbele ya watu wote. Nikakuuliza: unafanya kazi hii kwa hiari yako? Ukasema ndiyo. Kuna mtu anayekutisha? Ukasema hakuna. Ulijibu vizuri kuliko mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Nilipozima tableti ulinishika mkono ukaniingiza jikoni, ukanipa viazi vitamu na sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na nilipokuuliza kwa sauti ya chini ingekuwaje ukikataa, ulicheka mpaka ukakohoa. "Kukataa? Sasa wewe ungekula wapi hizi viazi?"

Lile bango tulilowaachia, lenye mchoro wa mnyororo uliokatika, ulilitandika ndani ya kikapu cha kuku wanaotaga. Nilikasirika. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu barabarani, watu wananitazama.

Nilirudi ofisini nikamwambia Directrice, mkuu wetu, kwamba kwenye shamba lile watu wanatumikishwa. Akanitazama juu ya miwani. "Batu yote bamejibu kwa hiari, Nabintu. Unataka niandike nini? Kwamba roho yako inakataa?" Hiari yako, Mama, ilinifunga mdomo kuliko vitisho vya kapita.

Halafu mvua zikaja, na kifua chako. Siku ile ilikuwa ya kazi ya Patroni, na ulikuwa na homa, na ulishuka. Neema alikukuta umekaa chini ya mbuni na kikapu mapajani, unachuma vile mkono unavyoweza kufika. Mengine unayajua. Kituo cha afya walijitahidi, lakini mapafu yalikuwa yameshajaa.

Sasa sikia usiyoyajua.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado haujakauka kapita alipofika. Alivua kofia, hilo nitampa. Alitupa pole, akakaa kidogo, akainuka, na akiwa amesimama akasema: "Siku za mama yenu ziko pale, zinangoya mutu. Neema iko na nguvu." Hivyo tu, kama mtu anayekumbusha kwamba mbuzi amefunguka. Neema alikuwa ameshika sahani za wageni. Nilimwona anaangalia mikono yake. Alishapanga kuja kwangu Bagira kujifunza cherehani, ulijua, wewe ndiye uliyemruhusu. Mimi nikafungua mdomo na mdomo haukutoa kitu. Mimi, ninayelipwa kwa kuuliza maswali.

Aliyesema ni koko M'Birindwa. Yule kikongwe uliyekuwa unamsuka nywele Jumapili, anayesinzia katikati ya sala na kuamka kwenye amina. Hata hakuinuka. "Batu ya matanga habashikake jembe," akasema. Kapita akacheka kidogo, akasema anajua, atangoja siku za matanga ziishe. Koko akamwambia haziishi hivyo. Mtu aliyekufa kwenye udongo wa bwasa, matanga yake hayaondoki mpaka mwenye udongo aje mwenyewe na kasiksi yake, akae chini na wafiwa, anywe nao ile pombe ya ndizi, na aseme mbele ya watu: huyu mufu, sina kitu naye tena. Hapo ndipo mtoto wa kwanza anapiga jembe chini mara moja, na kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Kabla ya hapo, mlima wote unalia.

Mama, mpaka leo sijui kama hiyo ni desturi ya kweli au koko aliitunga pale pale, akiwa anatafuna. Nimewauliza wazee wengine. Mmoja kasema ilikuwepo, mwingine kasema ilikuwepo lakini kwa ng'ombe, wa tatu kasema kama M'Birindwa kaikumbuka basi ipo. Kapita naye ni mtoto wa mlima huu huu, na mkewe alikuwa amekaa kwenye majani ya mgomba pamoja na wenzake. Angefanya nini? Kusema kwa sauti kwamba marehemu hana haki ya matanga? Aliondoka. Kesho yake filimbi ililia, na hakuna mwanamke aliyesimama.

Ungewaona. Walikuja na mikeka, na watoto, na viazi vya kumenya. Waliimba nyimbo za kilio, wakichoka walisengenya, wakimwona kapita anapanda walilia tena. Hakuna aliyetamka neno mgomo. Ukiwauliza, walikuwa wanakulilia wewe, na ni kweli walikuwa wanakulilia. Huku chini kahawa ikaiva, ikawa nyekundu mlima mzima, halafu ikaanza kugeuka nyeusi na kudondoka. Nilikuwa napanda kwa pikipiki kila nilipopata nafasi, na harufu yake ilinipokea kabla sijafika.

Ofisini mambo yakachemka. Sasa Directrice aliamini, maana mashamba hayanyamazi bure, na wanawake wenyewe walianza kunijibu. Yule jirani wa migomba iliyokatwa alinijibu mpaka nikamwomba apumzike. Directrice akasema basi, huyu Patroni tumfute, kahawa yake isiingie tena kwetu, tumalize. Tukagombana, Mama. Nilimwambia tukimfuta, atavusha kahawa yake kwa mitumbwi kwenda ng'ambo ya pili ya ziwa, huko hakuna atakayemuuliza ilichumwa na nani, sisi tutabaki na mikono safi na Neema atabaki na kikapu. Nilipiga meza. Mimi, uliyenifundisha kushusha sauti. Mwishoni akakubali: hatumfuti, lakini lori letu la kuchukua kahawa halipandi. Halipandi mpaka kila nyumba ipewe kipande chake kwa kodi inayojulikana, na siku ya kazi ilipwe kama siku ya mtu yeyote. Asiyetaka kushuka asishuke, na migomba yake ibaki imesimama.

Nilitoka pale natembea haraka kuelekea sokoni bila kuwa na cha kununua. Na hapo ndipo liliponishika wazo ambalo halijaniachia. Tunakulilia, Mama, au tunakutumia?

Maana mimi sijakulilia. Bado. Kila nikitaka kulia nakumbuka kwamba kilio changu kina kazi ya kufanya, kinazuia lori, kinamfunga kapita, na machozi yanarudi ndani kama mtoto aliyeambiwa kuna wageni. Ulifanya kazi ya watu mpaka homa ikakuangusha. Umekufa, na tumekupa kazi nyingine. Umelala chini ya mparachichi na mlima mzima umeegemea mgongo wako.

Ngoja. Nimetoka nje kidogo. Nimerudi.

Jumamosi Patroni alikuja.

Alipanda kwa miguu kutoka barabarani, mwavuli mkononi, na viatu vyake vilikuwa safi mpaka kwenye kona ya kisima. Wengi hawakuwahi kumwona isipokuwa ndani ya gari. Si mtu wa kutisha, nikuambie ukweli. Ni mzee mnene mwenye sauti ya chini, na alipofika alisema jina lako lote, bila kusoma mahali. Nyuma yake kapita alibeba kidumu cha kasiksi na kiti cha plastiki. Koko M'Birindwa akasema, "Kwa matanga hakuna kiti." Kiti kikarudi nyuma. Patroni akakaa kwenye majani ya mgomba kama sisi, magoti yakamfikia kidevuni, akanywa, akapitisha kibuyu.

Kisha akasema. "Huyu marehemu, sina kitu naye tena."

Koko hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. "Na batoto yake?"

Alipangusa uso. Alinitazama mimi, akamtazama Neema. "Na batoto yake. Nyumba ni yao, shamba ni lao. Hakuna siku za kazi tena."

Mtu alipiga kigelegele, kikakatika njiani. Neema alinishika mkono kwa nguvu nikasikia mifupa. Mama, mkono wake ulikuwa wa moto, na alikuwa anatabasamu, na sijamwona anatabasamu tangu ulipoondoka.

Halafu koko akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi. "Na siye?"

Patroni aliangalia viatu vyake. Aliwaangalia wale wanawake wote na watoto wao. "Tutaona," akasema. "Si mimi nilianzisha hii mambo. Kila kitu na siku yake. Mupatie mutoto jembe, tuondoe matanga."

Neema alikimbia kuleta jembe lako. Lile lile, lenye mpini uliobonyea pale mkono wako wa kushoto unapokaa. Nikalishika, na mkono wangu ukaingia kwenye kibonyo hicho bila kutafuta. Pigo moja tu. Ardhi ilikuwa laini, imenyeshewa. Ningepiga, Neema angekuwa Bagira wiki hii kwenye cherehani. Ningeandika ofisini kwamba familia moja imeachiwa, na ingekuwa kweli. Ungelala. Hilo ndilo lililonivuta kuliko yote: ungelala.

Wengine, nadhani, walitaka nipige. Walikuwa wamechoka kukaa, akiba imeisha, watoto wanalia kweli si kwa matanga. Yule wa migomba aligeuza uso pembeni ili nisione macho yake. Mke wa kapita alikuwa anang'oa nyasi zilizo mbele ya miguu yake, unyasi mmoja mmoja. Wote hao walikuja na mikeka yao kwa ajili yako, na filimbi ikilia Jumatatu wote wangeshuka, isipokuwa sisi.

Nikasema, "Bado ninalia." Nikalaza jembe mapajani, nikakaa chini.

Patroni aliinuka kwa shida, majani yamemganda kwenye suruali, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipopita kisima. Alisema kahawa inaoza kwa wote, si kwake peke yake. Ni kweli pia. Neema aliniambia neno moja tu, "Yaya, dada yangu, alikuwa ametuachilia." Akaingia ndani, akabamiza mlango mpaka vumbi likashuka kwenye nyasi za paa. Baadaye alitoka na mkeka wake, akautandika upande wa pili, mbali nami, karibu na koko. Lakini alikaa, Mama. Alikaa na wengine mpaka jua likazama. Hilo nalishika kwa mikono miwili.

Jembe nililichukua. Niliogopa mjomba fulani mwenye busara asije akalipiga badala yangu. Nilipanda nalo kwenye pikipiki, limesimama juu ya bega langu, na watu wa Bagira walidhani nimehama. Sasa liko nyuma ya mlango. Nimelifuta udongo, halafu nikajuta, kwa sababu udongo ule ulikuwa wako.

Leo Directrice amenipigia simu. Patroni ameuliza lori linaweza kupanda lini. Ameuliza tena hilo neno la kodi linasemaje, na kama nyumba zote lazima, au zile za juu tu. Directrice kamwambia zote. Patroni hakukata simu. Hilo ndilo ninalolijua, na ni dogo. Anaweza kukubali kesho. Anaweza pia kuleta watu wenye mapanga kwenye migomba yetu, kuanzia na ile inayokufunika kivuli. Kila pikipiki ikipita nasikiliza kama inasimama.

Kama nimekosea, nionyeshe. Njoo kwenye ndoto unigombeze, utumie sauti yoyote, mimi nitashusha yangu. Umri wako wote ulisema udongo unashukuriwa na mikono. Safari hii mikono imekaa kimya, na sijui udongo unatuonaje.

Sikuagi leo. Kwaheri yako nimeifungia pamoja na jembe. Lakini nakuahidi hivi: siku koko atakapouliza "na siye?" na akajibiwa, nitapanda asubuhi na mapema, mimi na Neema, akitaka asitake. Sitapiga jembe kwenye kahawa ya mtu. Nitalipiga pembeni ya kichwa chako, kwenye maharage yako mwenyewe, mara moja. Halafu nitakaa pale nikulilie kama mtoto yeyote anavyomlilia mama yake, kilio kisicho na kazi ya kufanya.

Mpaka siku hiyo, vumilia, Mama. Uliwatumikia wengine maisha yako yote bila kuulizwa. Hii ya mwisho nakuomba mimi, na nakuomba kwa kweli: ukikataa, sema, nitapiga jembe kesho.

Nimenyamaza nakusikiliza. Hujasema.

Mtoto wako wa kwanza,
Nabintu